Kamera ya Dirisha ya Mdogo Wangu

Wewe unayenisikiliza, kabla sijakusimulia ubaya nilioufanya, niruhusu kwanza nikueleze habari ya dirisha. Si jambo gumu. Nimewaeleza maharusi waliochoka kusimama, nimewaeleza makatekista na mama wauza nyanya, na wote walielewa. Wewe pia utaelewa.

Kamera nyingi unazozijua, hata ile ya simu yako, hukuonyesha kilekile kinachoonwa na lenzi. Kamera ya dirisha ina njia yake. Juu, pembeni, kuna kidirisha cha kioo, nawe unachungulia humo kama mtu anayetazama wageni kupitia ufa wa mlango. Katikati ya kidirisha pana doa la mwanga, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na ndani ya doa hilo kila kitu kinaonekana mara mbili: pua mbili, misalaba miwili, miimo miwili ya mlango pale penye mmoja. Unazungusha pete ya lenzi polepole na zile picha mbili zinasogeleana. Zikikutana zikawa moja, fokasi imepatikana. Unabonyeza.

Baba yetu alikuwa na kamera kama hiyo, ya filamu, naye ndiye aliyetuzoesha kuiita kamera ya dirisha. Alizunguka nayo vigango vya Umatengo, milimani kwetu, wakati wa komunyo ya kwanza na kipaimara, ameivaa shingoni juu ya sweta. Mimi na mdogo wangu alitufundisha jikoni, kwa msumari uliopigwa ukutani.

"Ufanyeni msumari uwe mmoja," alisema.

Mimi niliufanya mmoja kabla hajahesabu hadi tatu. Mdogo wangu alifumba jicho linalochungulia, akaacha wazi lile lisilochungulia, halafu akalalamika kwamba ukuta hauna msumari wowote. Tulimcheka mpaka mama akatufukuza jikoni. Nakueleza hilo ili ujue kwamba tangu utoto niliamini, bila kuambiwa na mtu, kwamba mrithi wa dirisha ni mimi.

Kamera ya baba ilikufa kabla ya baba mwenyewe. Shata, kile kifuniko cha ndani kinachofunguka ukibonyeza, ilikwama, springi ikakatika, na fundi wa Songea akairudisha akitikisa kichwa. Lenzi ilibaki nzima. Baba alipofariki lenzi ikakaa kwangu. Hakusema ni ya nani. Mimi tu ndiye niliyekuwa na studio Mbinga mjini, na kabati lenye kufuli. Niliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kitambaa kilichofungiwa mchele mkavu, kama yeye alivyofanya, maana Mbinga ina ukungu na lenzi haipatani na unyevu. Kila baada ya miezi michache nilibadilisha mchele, nikafuta vumbi, nikafunga kufuli. Sikuitumia, kwa kuwa haikuingia kwenye kamera yangu yoyote. Mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa na mwalimu wa shule ya msingi kule Liuli, kando ya ziwa, hakuiulizia.

Yeye hana studio. Anapiga picha za watu wa ziwani wakiwa kwenye shughuli zao, na akiitwa kwenye ubatizo huenda. Mimi ndiye niliyekuwa mpiga picha wa ukoo. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mambo.

Tangazo nililiona mimi. Kiwanda kidogo cha mbali kilikuwa kimeunda kamera mpya ya dirisha, ya kidijitali, ya kwanza kutoka mikononi mwao, na kilitafuta watu wa kuitumia kwa miezi mitatu na kukieleza kasoro zake. Uliombwa kutuma picha zako tu. Nilimtumia mdogo wangu tangazo lile kwa wema, na wema wenyewe nitaufafanua: nilikuwa na hakika hatachaguliwa.

Mimi nilituma picha ishirini. Bibi harusi akishuka kwenye gari lenye maua, mapadre wakiwa wamepangwa kwa urefu, watoto wa komunyo wakiwa weupe kama foleni ya mishumaa. Yeye alituma tatu. Wanawake wakigeuza usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu, juu ya vichanja vya kukaushia. Mkono wa mtu ukitoa maji ndani ya mtumbwi kwa kibuyu. Mama mkwe wake akitunga uzi kwenye sindano karibu na dirisha.

Mimi nilijibiwa kwa barua fupi ya shukrani. Yeye akachaguliwa.

Wivu wangu ulianzia tumboni, mahali njaa inapoanzia, na wiki ile nilikula sana. Nilikula ugali nikamaliza, nikakaa, nikarudi jikoni kutazama kama umebaki. Halafu mdogo wangu akapiga simu.

"Dada, shikamoo. Mzigo utapitia posta ya Mbinga. Unaweza kunipokelea?"

"Marahaba. Naweza," nikasema. Ningesema nini tena?

Boksi lile lilikaa studio kwangu siku mbili. Halikuwa kubwa kuliko tofali. Nililipita kama unavyompita mtu mliyekosana naye mkiwa katika nyumba moja. Siku ya tatu mdogo wangu akapanda kutoka ziwani, na ndoo ya usipa mkononi na vumbi hadi kwenye kope.

"Hujafungua?" akauliza.

"Si langu."

"Ningekuwa mimi ningefungua, nikala na karatasi yake."

Akalichana boksi kwa meno. Kamera ilikuwa nyeusi, ndogo, haina maneno mengi mwilini. Aliishika kidogo tu, kisha akanipa mimi kwanza, na hilo likanichoma kuliko kama angeninyima. Nilichungulia. Dirisha lilikuwa angavu kuliko la baba, na doa la katikati lilikuwa safi kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Nilielekeza kwenye kalenda ya ukutani, nikazungusha pete ya ile lenzi ndogo iliyokuja na kamera. Tarehe mbili zikawa moja. Mikono yangu ilikuwa haijasahau chochote.

"Vipi?" akauliza.

"Nzito," nikasema, nikamrudishia.

Jumapili tuliitoa kwa kazi yake ya kwanza. Kwaya ya kigango chetu ilikuwa imeshona sare mpya, blauzi nyeupe na sketi nyeusi za tetroni, na mwenyekiti wao alitaka picha ya pamoja baada ya misa. Mimi nilisimama pembeni na kamera yangu ya siku zote, nikisema nipo tu kusaidia.

Kamera mpya ilipiga picha nne, ikaganda. Kitufe hakikubonyezeka, kioo cha nyuma hakikuwaka. Mdogo wangu akatoa betri, akairudisha, kamera ikaamka. Picha tano, ikaganda tena.

"Dada wa ziwani, tutazeeka hapa," akasema mmoja wa wanakwaya, sauti ya nne, mwenye mguu unaouma. "Au hiyo kamera nayo inavuliwa kwa nyavu?"

"Vumilieni kidogo, mjomba. Bado mtoto hii, inajifunza kutembea."

Jioni tulizifungua picha kwenye kompyuta. Kwanza, mistari ya ndani ya dirisha, ile inayokuonyesha picha itaishia wapi, haikuwa ya kweli: kamera ilichukua zaidi ya ilivyoahidi, na pembeni ya kwaya akaonekana mtu asiyehusika kabisa, ameinama anafunga kamba za kiatu. Hiyo ni kasoro ndogo. Lakini sketi! Sketi zote nyeusi zilikuwa za zambarau. Si giza lenye uzambarau kwa mbali. Zambarau kamili, kama vitambaa vya altareni wakati wa Kwaresima.

Sababu yake niliijua baadaye, nayo inaelezeka. Kuna mwanga ambao jicho la binadamu halioni, ndugu wa joto. Vitambaa kama tetroni huurudisha kwa wingi. Kamera za kawaida zina kioo cha kuuzuia ndani. Hii ilikuwa na kioo chembamba mno, ule mwanga ukapenya, na kamera, isiyojua jina la rangi hiyo, ikaiita zambarau.

Mwenyekiti wa kwaya hakuhitaji maelezo hayo. Alikuja studio kesho yake, akatazama, akaweka mkoba wake chini.

"Hivi mmetuvalisha nini?"

"Mama, ni kamera tu," mdogo wangu akasema. "Sketi zenu ni nyeusi, tunajua."

"Ninyi mnajua. Wale wa kigango cha pili watajua? Sare yao ni zambarau! Watasema tumewaiga. Watasema tumeazima! Miezi minne tumechangishana kitambaa, halafu kamera inatupeleka Kwaresima na Pasaka imeshapita."

Nikafungua picha zangu mimi, nilizopiga pembeni. Sketi nyeusi kama mkaa.

"Haya," akasema mwenyekiti, akinigeukia. "Huyu ndiye mpiga picha."

Nilifurahi. Nisikufiche: nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Mdogo wangu alicheka pamoja na mwenyekiti, akamwomba msamaha, kisha akatoa daftari lake la mistari na kuandika: sketi za tetroni, jua la saa nne, zambarau. Aliandika bila aibu, kama nesi anayeandika joto la mgonjwa. Kasoro kwake zilikuwa kazi aliyopewa. Mimi nilizipokea kama zawadi.

Kisha, akiosha vikombe, hatua tatu kutoka kwenye kabati langu, akasema, "Dada, wale wa kiwandani wanataka jambo moja la mwisho kabla ya miezi mitatu kwisha. Nijaribu lenzi ya zamani kabisa nitakayoipata, waone kama dirisha linapatana nayo. Nimefikiria ile ya baba."

"Ya baba?"

"Mdomo wake ni uleule. Itaingia. Ipo, siyo?"

Nilijisikia nikisema, "Sijui kama ipo. Nadhani niliipeleka Matiri, kwa mama."

"Basi utaniangalizia."

"Nitaangalia."

Akarudi Liuli na kamera yake. Mimi nikabaki na uongo wangu, na uongo una tabia ya kukuomba uutafutie mahali pa kukaa. Wiki iliyofuata nilikwenda Matiri kumsaidia mama kuchuma kahawa, na kopo la maziwa ya unga lilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilijiambia kwamba nikilipeleka kweli Matiri, nitakuwa sijadanganya.

Chumbani mwa mama lingeonekana. Nikaingia ghalani. Palikuwa na gunia la kahawa peke yake pembeni, mbali na mengine. Nilifikiri kama mtoto wa mkulima anavyofikiri: mchele mkavu hunyonya unyevu, na kahawa iliyokaushwa ni kavu kama mchele, kwa hiyo kopo litakuwa salama humo kuliko hata kabatini. Nikalizamisha hadi kiwiko, nikidhani ubaridi wa punje ni wa ghala tu, nikafunga gunia kwa kamba yake ileile. Kifuniko cha kopo hakikuwa kimekaza sana. Niliona, nikaacha.

Miezi miwili ikapita. Mdogo wangu alinipigia simu kila wiki, na kila simu ilikuwa na habari njema, ndiyo maana nilianza kuchelewa kuzipokea. Kiwanda kilikuwa kimetuma programu mpya. Alitembea hadi kwenye mtandao mzuri, akaiweka, na kamera ikaacha kuganda. Kisha wakamtumia kioo chembamba cha kufunga mbele ya lenzi, cha kuuzuia ule mwanga usioonekana. Alimpiga picha mkwewe amevaa koti la tetroni jeusi, na koti likatoka jeusi. Kuhusu mistari ya dirisha, walimwandikia wazi kwamba kwa kamera hii haibadiliki tena, ila katika toleo la pili itarekebishwa, nao wanamshukuru kwa yule mtu anayefunga kiatu.

"Wamemcheka sana," aliniambia. "Wanamwita mkaguzi wetu."

Kila kasoro iliyoondoka iliondoka na kitu changu. Kamera ilipokuwa mbovu, niliweza kumpenda mdogo wangu kwa urahisi. Sasa ilikuwa inapona, naye alikuwa ndiye aliyeiuguza, na mimi nilikuwa nimekaa Mbinga napiga pasipoti: inua kidevu, usicheke, mwingine.

"Na lenzi, dada?"

"Bado natafuta."

"Mwezi huu ukiisha muda wangu umekwisha. Nitakuja mwenyewe Matiri tuitafute pamoja. Jumamosi."

Alikuja kwa bodaboda kutoka Liuli hadi Mbamba Bay, kamera mgongoni katika begi, na barabara ile unaijua kama umeipita baada ya mvua. Mbamba Bay akapanda gari. Mimi nilifika kabla yake, nikiwa na nia ya kuingia ghalani, kulitoa kopo na kujifanya nimelikuta kabatini mwa mama. Mama alikuwa ameamka mapema kuliko nia yangu. Alikuwa uani, mbele ya kichanja cha kukaushia kahawa, na lile gunia lilikuwa mabegani mwa jirani aliyekuja kumsaidia.

"Mama, shikamoo. Gunia hilo la nini?"

"Marahaba. Hili ndilo lililonyeshewa siku ile paa lilipovuja. Nililitenga ili nilianike upya, kila siku nasahau. Likiendelea kukaa litaoza."

Gunia la peke yake pembeni. Kahawa yenye maji. Nilikuwa nimeichukua lenzi kutoka kwenye mchele mkavu nikaizika kwenye kitu kibichi kuliko vyote katika nyumba ile.

Ningeweza kusema hapo. Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini, anapiga hodi na kucheka na mbwa. Sikusema. Jirani akalegeza kamba, akainamisha gunia, na kahawa ikamwagika juu ya kichanja kwa sauti ya mvua ndogo, harufu yake ikiwa chachu. Kopo likatoka pamoja nayo, likabingirika, likagonga ukingo, likasimama.

Mama akalitazama. "Maziwa?"

Mdogo wangu alilijua. Sisi sote tulilijua kopo lile, lenye kutu ya umbo la sikio pembeni.

"Dada, hili lilifikaje humu?"

"Nililiweka mimi."

"Lini?"

"Ulipolihitaji."

Jirani akakumbuka kwamba ana ng'ombe, akaondoka. Mdogo wangu akafungua kopo. Mchele ulikuwa umevimba na kunuka. Aliinua lenzi, akaielekeza juani, akachungulia, kisha akanipa. Ndani, nyuma ya kioo cha mbele, palikuwa na utando mweupe, nyuzi nyembamba zilizosambaa kama mizizi ya mche mchanga.

"Nilikuonea wivu," nikasema. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi kuliko nilivyotarajia.

"Wivu wa nini? Wewe una studio!"

"Wivu tu. Walikuchagua wewe."

"Basi ungenificha mimi ndani ya gunia," akasema, na sauti yake ikatetemeka katikati, "ukaacha lenzi ya baba."

Mama alikuwa anatandaza kahawa kwa viganja, hajatuinulia macho. "Mkimaliza kulia," akasema, "mmoja aniambie kama inatengenezeka. Yule aliyefundishwa kuifungua ni nani kati yenu?"

Nilikuwa mimi. Mdogo wangu hakuwahi kujifunza kufungua lenzi. Alikuwa mwepesi wa kuangusha skrubu. Mimi baba alinifundisha: unakata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, unakizungushia kwenye kizibo kipana, unakikandamiza mbele ya lenzi na kuzungusha, na ile pete yenye jina la lenzi inafunguka bila kukwaruzwa. Tulitandika shuka nyeupe juu ya meza ili kitakachoanguka kionekane. Mdogo wangu akaenda duka la dawa kununua spiriti na pamba. Aliporudi alikaa mbele yangu, akapokea kila pete niliyoitoa na kuipanga kwa mstari, akiandika namba kwenye daftari lake la kasoro. Hatukuongea ila "shika," na "hii," na "taratibu."

Utando ulitoka karibu wote. Nilifuta kutoka katikati kwenda nje, pamba mpya kila mara, kwa sababu ukirudia ileile unausambaza. Uzi mmoja, karibu na ukingo, ulikuwa umekwisha kula kioo. Nilifuta mara sita. Haukutoka, na hautatoka.

"Huo ni wa kwangu," nikasema.

"Ni wako," akakubali.

Tukaifunga kwenye kamera. Ilishika vizuri, kwa mlio mdogo. Akachungulia, akazungusha, akachungulia tena, akaishusha.

"Picha hazikutani. Umeiharibu, dada."

Hapa nisikilize vizuri, maana siku moja itakufaa. Lenzi ina alama ya mwisho, ile ya namba nane iliyolala, maana yake mbali kabisa. Ukiifikisha hapo na kuelekeza kwenye kitu cha mbali sana, zile picha mbili zinapaswa kuwa moja. Ng'ambo ya bonde letu kuna mlima wenye mashamba ya ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yaliyopangwa kama miraba ya wavu, na juu yake mti mmoja. Nilichungulia. Miti miwili.

Ningeweza kunyamaza, akaamini kwamba lenzi imekufa na jaribio limekwisha. Wazo lilikuja, na lilikaa kwa muda wa pumzi mbili hivi.

"Funga ile lenzi yao mpya," nikamwambia. "Peleka hadi mwisho. Tazama mti uleule."

Akatazama. "Miwili pia."

"Basi lenzi haina kosa. Ni dirisha lenyewe limesogea. Bodaboda imelitikisa."

Aliwahi kutumiwa na kiwanda ufunguo mdogo mwembamba na maelezo, hakuwa amethubutu kuutumia. Nilifungua kifuniko, nikazungusha skrubu kidogo kuliko unavyofikiri, upana wa unywele, nikatazama; tena kidogo; miti ikasogeleana, ikagusana, ikawa mmoja. Nikaandika mwenyewe katika daftari lake: dirisha linahama likisafirishwa kwenye barabara mbovu; lishikizwe zaidi.

Halafu nikaona kamera ile ni kitu gani. Mama alikuwa amehamia mlangoni mwa ghala, nusu kivulini, anachagua punje zilizooza. Mdogo wangu akasogea, akachungulia, akabonyeza, na shata haikusikika zaidi ya mtu anayemeza mate. Mama hakugeuka. Kamera yangu ingehitaji flashi, na mama angeuona mwanga, angejiweka sawa, angevuta kanga. Picha ilipokuja kwenye kioo, uso wake ulikuwa umetoka gizani taratibu, vidole vikali kabisa, na upande wa kushoto, pale ulipo uzi wangu, jua lilikuwa limesambaa kidogo kama mvuke. Kamera yenye mistari ya uongo, inayohitaji kioo cha ziada ili nyeusi iwe nyeusi. Lakini wakilishikiza dirisha na kuinyoosha mistari, hao walioiunda, itakuwa chombo cha kutembea nacho maisha yote.

"Piga na wewe," mdogo wangu akasema.

Nikapiga. Fokasi yangu ilikuwa kamili, pengine kuliko yake. Lakini nilisema, "Mama, hapo hapo," bila kujua kwamba nimesema, na mama akanitazama, akajiweka sawa, akavuta kanga.

Tuliziweka picha mbili pamoja. Nilielewa kwa nini walimchagua yeye, mimi wakanishukuru tu, na kuelewa hakukupunguza wivu hata kidogo. Kuliupa tu sababu ya haki.

Alituma picha yake. Wamemwomba ajaribu toleo la pili likiwa tayari. Jioni ile alitaka kuniachia lenzi, akaninyooshea kopo jipya tulimoiweka, na nikaona mkono wangu unaanza kuinuka kulipokea.

"Nenda nayo," nikasema. "Kule kwenu inatumika."

Akaenda nayo Liuli. Kabati langu sasa halina kufuli, na bado akipiga simu ninaiacha ilie mara mbili kabla ya kupokea. Najifunza kupokea mara ya kwanza.

Nawe kama una lenzi ya mtu aliyekutangulia, imekaa kabatini, usingoje. Itoe leo mchana, vua vifuniko vya mbele na nyuma, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyeupe, mpelekee fundi wiki hii hii. Usipoziona, badilisha mchele, kaza kifuniko, kisha mpigie simu yule anayeweza kuitumia na umwambie aje kuichukua.